Mistari ya Akurut

Msusi wa pale karibu na mpaka, Busia, akikasirika hapigi kelele, anavuta nywele. Wateja wanamjua: kitana katikati ya meno, vidole vyenye mafuta, na ukiyumbisha kichwa anakigonga. "Tulia, wewe si mbuzi!" Wasichana wangapi amewasuka wakienda Arabuni kufanya kazi za ndani miaka miwili, akawatania mpaka wakacheka! Leo aliyeketi kwenye kigoda ni Akurut, binti yake mwenyewe, aliyetia saini karatasi za safari kwa siri. Leo hakuna utani. Anavuta mpaka machozi yanamtoka binti, na bado anavuta.

Nje, wakala wa safari hiyo amewasha gari. "Mama, maliza basi! Gari linakwenda!"

"Liende! Ama wewe ndiye utamsuka huko?"

Akamaliza mstari wa mwisho, akakitazama kile kichwa kilivyopendeza. Kisha akaingiza ncha ya kitana, akaanza kufumua.

"Mama!"

"Imepinda. Yote."

Honi ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akurut akainamisha kichwa, mama aifikie vizuri mistari ya kisogoni.