Wiki ya Kuhifadhi Umeme

Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya ukuta wenye mita kumi na mbili, na hakuna siku aliyoingia chumba kile na shati lenye mikunjo. Kazi yake ilikuwa kugawa umeme wa wilaya nzima, na kituoni walimwita Mgawaji. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mshale wa mita ukipanda alikunja uso, ukishuka alikunywa chai.

Umeme wenyewe ulitoka sehemu mbili: bwawa lililo juu ya mji, na shamba la paneli za jua nyuma ya kituo. Mchana paneli zilibeba mzigo, maji yakapumzika bwawani. Jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, maji yalipokea zamu. "Jua halina ovataimu," Mgawaji alipenda kusema. "Ikifika jioni linafunga ofisi."

Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Bwawa likashuka hadi zikaonekana ngazi za zege ambazo nusu ya wafanyakazi hawakujua kama zipo. Mkuu wa kituo akataka kuanza mgao: mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Mgawaji alijua maana yake. Zahanati ilikuwa kwenye laini moja na mashine za kusaga, haikuwa na jenereta, na friji yake ilikuwa imejaa chanjo za watoto.

"Nipe wiki moja," akamwambia Mkuu. "Watu wakiambiwa watapunguza wenyewe, saa moja hadi saa nne usiku. Tukiokoa sehemu moja ya kumi, maji yatatufikisha kwenye mvua."

"Na wasipopunguza?"

"Nitakata mwenyewe, nianze na mtaa wangu."

"Haya, mzee. Ahadi ni yako na swichi ni yako."

Jioni ile aliandika tangazo kwenye meza ya kulia: *Zimeni taa na vyombo msivyovihitaji, saa moja hadi saa nne usiku.* Mkewe, mwalimu wa Kiswahili, alilisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

"Zimeni? Unawaamrisha watu kama mgambo? Hapa chini pana jina lako, na jina lako ndilo la wanangu."

"Basi andika wewe, Mwalimu."

Akaandika: *Ndugu wananchi, kila siku kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, tafadhali tuhifadhi umeme.* Lilikuwa tangazo la heshima, kila nukta mahali pake. Likasomwa redioni, likabandikwa sokoni na kwenye mlango wa zahanati.

Jumatatu, saa moja ilipogonga, Mgawaji alivuta kiti karibu na ukuta. Mshale haukushuka. Ulipanda. Jumanne ukapanda zaidi. Jumatano Mkuu alikuja akasimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Watu wako wamekujibu, mzee."

"Naona."

"Wiki yako naona imekwisha kabla ya siku zake. Kesho kutwa asubuhi niletee orodha ya mgao."

Alhamisi alipotoka kazini hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani wa mtaa wao, ili mtaa usikie habari mbaya kinywani mwake kwanza. Alikuta sebule imejaa nyaya. Mezani palikuwa na simu nne, tochi tatu, taa mbili za kuchaji na betri ya pikipiki ya mkwe.

"Karibu, mdogo wangu! Njoo uone nilivyokutii!"

"Dada, hivi vyote vya nini?"

"Si umesema tuhifadhi? Nimehifadhi! Kila siku saa moja kamili nachomeka, hata dakika haipiti. Jirani ametuzidi, ana betri mbili za gari. Huo mgao unaosemwa sokoni ukija utatukuta na akiba."

"Kwa nini saa moja?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyepanga saa. Sisi tukasema labda ndipo mnapofungulia mwingi."

Mgawaji aliketi kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka nini? Nimechomeka vibaya?"

"La, dada. Mji mzima hakuna aliyenitii kama wewe."

Mahindi huhifadhiwa ghalani, nyama kwenye friji. Kwa nini umeme usihifadhiwe kwenye betri? Watu walikuwa wamesoma Kiswahili sawasawa. Neno ndilo lililokuwa na milango miwili, nao wakaingia kwa mlango ulio wazi. Mgawaji alifuta macho, akazitazama tena zile tochi, safari hii bila kucheka.

"Dada, ungefanya hivihivi saa sita mchana, halafu jioni ukatumia ulichohifadhi?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Mchana ni jua linalokulisha. Jioni unakunywa bwawa."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo! Mtu na elimu yake anazunguka weee!"

Kabla ya jioni tangazo jipya lilikuwa redioni: *Chajini mchana, jua likiwepo. Saa moja hadi saa nne usiku, zimeni.* Alimwomba Mkuu jioni moja zaidi, ya Ijumaa, watu wapate kwanza mchana wa kuchaji. Mkuu aliguna, akauliza, "Lile la kwanza aliliandika nani?"

"Mimi. Si lina jina langu?"

Ijumaa saa moja mshale ulitikisika, kisha ukaanza kushuka. Ulipita sehemu ya kumi iliyotakiwa, ukaendelea kushuka. Mgawaji alitoka nje, akapanda ngazi hadi juu ya paa la kituo. Chini yake mji ulikuwa na giza la hapa na pale, na madirishani palionekana mwanga mdogo wa tochi zilizoshiba jua. Alisimama pale akisema asante, dirisha kwa dirisha, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Hapakuwa na mgao mwaka ule. Mvua zilifika baada ya siku arobaini, na friji ya zahanati haikuzimika hata mara moja. Sokoni walimpachika jina. "Bwana Zima huyo anakuja, ficheni taa!" Mwalimu alipolisikia alisimama na kikapu chake. "Sarufi yenu mbovu," akawaambia. "Husemwa bwana mzima. Na kweli ni mzima, hana upungufu."

Lakini Mkuu alikuwa amekwisha kumtania Mwalimu kuhusu tangazo la kwanza la mumewe, naye Mwalimu alirudi nyumbani na jambo moyoni.

"Umemwambia uliliandika wewe."

"Jina lililokuwa chini ni la nani?"

"Lako."

"Basi nimesema kweli."

Mwalimu alizoea kuwa na neno la mwisho katika nyumba ile. Safari hii alilitafuta, akapata asante tu. Alimshukuru siku ile, akamshukuru tena siku ya kumzika, na mpaka leo hajaacha.