Fundi wa makochi na ushindi ulioandikwa chini ya kiti

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Fundi wa makochi amepiga magoti mbele ya kiti kilichopinduliwa miguu juu. Midomoni amebana misumari midogo saba. Anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, anaidaka kwa ncha ya nyundo yenye sumaku, kisha anaipigilia kwenye mkanda wa kubeba springi, alioukaza mpaka ukiugusa unalia.

Hawezi kujibu salamu akiwa katika hali hiyo, kwa hiyo anainua nyusi. Wateja wake wamezoea. Kwa sababu ya hiyo misumari mtaa mzima humwita Misumari, na hata barua ya shule ya mwanawe iliwahi kuandikwa "Kwa Mzazi, Bwana Misumari".

Ana miaka hamsini na miwili, na kazi hii ameifanya kwa miaka thelathini na minne. Karakana yake ni chumba kimoja na kibaraza, ukutani jezi ya zambarau iliyofifia hadi kukaribia kijivu, na juu ya kabati televisheni iliyofunikwa mfuko wa plastiki kuikinga na vumbi la sponji. Seti nzima ya makochi humchukua siku sita. Mwezi ukiwa mzuri anapata seti tatu, na faida inatosha kodi, ada na nauli. Mwezi ukiwa mbaya anarekebisha viti vya saluni na kunyamaza.

"Kazi hii haikutajirishi," anasema baada ya kumaliza msumari wa saba. "Lakini hakuna mtu aliyewahi kuketi juu ya kazi yangu akasimama analalamika. Hilo linakaribia kunitosha."

Ila kuna jambo moja ambalo wateja wake wengi hawalijui. Chini ya viti vyao, ndani kabisa, kwenye ubao uliofunikwa na kile kitambaa cheusi cha chini, kuna maandishi ya penseli.

Mazoea hayo aliyachukua kwa bosi wake, fundi aliyemfundisha kazi. Bosi yule aliandika tarehe ndani ya kila fremu kabla ya kuifunga, akisema mali bila daftari hupotea bila habari. Misumari, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na minane mwenye mapenzi makubwa na timu ya jezi za zambarau, akaongeza la kwake. Kila timu iliposhinda mechi kubwa, kiti alichokuwa akikishughulikia siku hizo kiliondoka na matokeo: mabao mangapi, ameangalia wapi, alikuwa na nani.

"Timu yetu haishindi ovyo," anasema bila aibu. "Ingekuwa inashinda kila wiki ningemaliza mbao."

Kwa hesabu yake, katika miaka yote hiyo mechi kubwa zilizostahili penseli ni kumi na moja. Ukimpa nafasi anakusimulia zote, na ukimnyima nafasi anakusimulia pia.

Kuna ile ya mabao matatu kwa bila, aliyoiangalia kupitia dirisha la chumba cha wauguzi, amesimama juu ya chungu cha maua, mkewe akiwa wodini na uchungu wa mtoto wa kwanza. Muuguzi alipotoka kumtafuta baba wa mtoto, alimkuta anashangilia. Akadhani ameshapewa habari. Mpaka leo mkewe humwambia binti yao, "Baba yako alikushangilia kabla hajakuona," na Misumari huliacha jambo hilo lipite hivyo hivyo.

Kuna ile ya penalti, aliyoikuta kwa mteja alipopeleka kochi. Mwenye nyumba alikuwa amewasha televisheni sebuleni. Misumari akaanza kukaza mguu wa kochi. Akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena kwa dakika arobaini, mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama ule mguu una ugonjwa. Timu ilishinda kwa penalti ya saba. Misumari akalipindua kochi la watu, akatoboa kitambaa kidogo, akaandika, akashona.

Lakini ushindi mama, ule ambao mwingine wote huupigia magoti, ni ule wa kwanza, miaka thelathini na mitatu iliyopita, mbili kwa moja. Huo ndio uliomgombanisha na mdogo wake.

Siku hiyo waliangalia nyumbani kwa bosi, kwenye televisheni ya inchi kumi na nne isiyo na rangi. Misumari aliusimulia usiku huo kwa miaka, kila mara kwa maneno yale yale: bosi alivyokaa sakafuni kwa sababu kiti chake mwenyewe kilikuwa karakana kinavalishwa kitambaa kipya, mke wa bosi alivyomwaga chai, yeye alivyoruka akagonga taa kwa kichwa.

Miaka minne iliyopita akausimulia tena, kwenye chakula cha kumpongeza binti yake kumaliza chuo. Ukumbi ulikuwa umejaa ndugu. Mwanawe mmoja akauliza, "Na Baba Mdogo alikuwa wapi?"

Mdogo wake alikuwa ameketi pale pale, sahani magotini. Kaka yake akamwahi kujibu.

"Huyu?" Misumari akasema. "Huyu hakuwepo. Mambo makubwa yakitokea, huyu huwa hayupo."

Watu wakacheka. Mdogo mtu akaweka sahani chini, akamuaga shemeji yake kwa heshima, akaondoka.

Asiyeijua familia hii angeona ni utani wa kawaida. Lakini mama yao alipofariki, mwaka mmoja kabla ya chakula kile, mdogo mtu alikuwa kazini mbali, akafunga safari siku mbili na kufika kaburi limeshafunikwa. Hakuna aliyemlaumu. Yeye mwenyewe alijilaumu kiasi cha kutosha. Na sasa kaka yake wa damu alikuwa amemwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba huwa hayupo.

"Nilimwona anaondoka, nikajua nimeharibu," Misumari anasema. "Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Ningemfuata palepale yangeisha. Lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na watu walikuwa wanacheka."

Alipopiga simu kesho yake, mdogo mtu alisema jambo moja tu: "Kaka, kwa mama sikuwepo. Lakini kwa bosi wako nilikuwepo." Misumari, badala ya kuomba radhi, akabisha. Alikumbuka chumba kile chote, kila uso, na uso wa mdogo wake haukuwamo. Wakabishana mpaka salio likaisha. Tangu hapo, salamu kati yao zilipita kwa wake zao, na mechi kubwa nne zilichezwa kila mmoja akiangalia kwake.

"Nilikuwa na uhakika," anasema. "Hapo ndipo ubaya ulipo. Mtu mwenye uhakika hasikii."

Jumatatu ya wiki hii, mkunga mstaafu wa mtaa wa pili alileta kiti kwa mkokoteni. Kiti cha mtu mmoja, mikono ya mbao, springi zimetokeza. Alikinunua zaidi ya miaka ishirini iliyopita, vyombo vya marehemu fundi fulani vilipouzwa. Alikitaka Jumamosi.

Misumari alikitambua kabla hakijashushwa. Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na kovu la patasi, na kovu hilo alilitia yeye, akiwa mwanafunzi wa mwaka mmoja, na alisemwa kwa wiki nzima kwa sababu yake. Kilikuwa kiti cha bosi. Kile kile kilichokuwa karakana siku ya mbili kwa moja.

Hakukifungua siku hiyo. Anakiri kwamba aliogopa, ingawa wakati ule hakujua anaogopa nini. Jumatano akakata kitambaa cha chini, akapangusa vumbi kwa kiganja, akavaa miwani. Mwandiko ulikuwa wake, wa ujana, herufi zimelala kama zinataka kukimbia.

Anageuza fremu ili tusome wenyewe. Penseli imefifia lakini inasomeka: *Mbili kwa moja. Kwa bosi. Tulikuwapo: bosi, mkewe, mimi. Mdogo wangu juu ya bati, kashika antena kipindi chote cha pili. Bila yeye tusingeona kitu.*

"Mkono wangu mwenyewe," anasema Misumari. Anavua miwani, anaifuta kwa shati, na inachukua muda kidogo kabla hajairudisha machoni.

Akakumbuka yote kwa mpigo. Mapumziko walikuwa wamefungwa bao moja. Upepo ukageuza antena, picha ikawa chengachenga. Mdogo wake, miaka kumi na sita, akapanda juu ya bati. Akiikamata nguzo, picha inatulia. Akiiachia, inaondoka. Bosi akapiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Usisogee!" Na kijana akabaki hapo hapo dakika arobaini na tano, wenzake wakaona mabao mawili.

"Kumbukumbu yangu ilikaa ndani ya chumba," anasema fundi. "Yeye alikuwa juu ya chumba."

Jambo kama hilo, anasema, halipiti kwenye simu. Jana Alhamisi aliifunga karakana mchana, akaipandisha fremu kichwani, bila sponji wala kitambaa, akatembea nayo kilomita tatu. Watu walimtania njiani. Mmoja alimuuliza kama amefukuzwa na mkewe na amepewa kiti tu.

Alimkuta mdogo wake kazini. Mdogo mtu ni fundi wa madishi, kwa hiyo alikuwa juu ya paa la jirani yake, spana mkononi, anatafuta mawimbi.

Tulimpata naye leo kwa simu, atueleze upande wake.

"Nilimwona anakuja na mbao kichwani, nikasema huyu mzee kapatwa na nini," anasema. "Akaniita. Nikamwambia niko kazini. Akasema basi kaa huko huko, ndiko nilikokusahau."

Misumari akakipindua kiti katikati ya uchochoro, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakianika nguo wakaacha kuanika.

"Nikamwambia soma tena," anasema mdogo mtu. "Akasoma tena."

Kisha, kutoka juu ya paa, akamuuliza kaka yake swali: "Nani kafunga?"

Swali hilo lina umri wa miaka thelathini na mitatu. Usiku ule, anasimulia, alisikia kelele chini ya miguu yake, bati likatetemeka, akainama na kuuliza, nani kafunga? Wote walikuwa wamekumbatiana. Bao la pili likaja, akauliza tena. Hakuna aliyemjibu mara zote mbili. Hakuthubutu kuachia nguzo.

"Kwani ulikuwa hujui mpaka leo?" tulimuuliza.

"Nilijua usiku ule ule, mtaa mzima uliimba majina yao," anacheka. "Lakini nilitaka anijibu yeye."

Misumari alimjibu. Bao la kwanza, beki mwenye upara, kwa mpira wa adhabu. La pili, winga wa kushoto, kwa kichwa, dakika ya themanini na nane. Akayasema taratibu, kama mtu anayesoma matokeo redioni, uso umeinuliwa juu. Halafu akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Ulikuwepo kuliko sisi wote."

Mdogo mtu hakushuka mara moja. Anasema alikuwa na nati moja ya kukaza. Misumari anasema nati ile ilikazwa kwa muda mrefu sana, na kwamba mambo ya kukaza kitu kisichohitaji kukazwa yeye anayajua vizuri.

Jumapili hii, saa kumi jioni, timu ya zambarau inacheza fainali, ya kwanza baada ya miaka sita. Wataangalia hapa karakana. Mdogo mtu amekubali kuja, kwa sharti moja. "Nimemwambia kabisa, safari hii mimi sipandi popote. Dishi lake nitalipima Jumamosi."

Kilibaki kiti, kilichotakiwa na mwenyewe Jumamosi. Misumari alimwendea mkunga mstaafu kuomba siku mbili, akalazimika kumweleza sababu. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote hii nimekalia mambo yenu bila kujua," alimwambia. "Siku mbili zitaniua? Kileteni Jumatatu. Na mkifungwa, msikilaumu kiti changu."

Mchana huu sponji imeshakatwa na kitambaa kipya kimevutwa vizuri kwenye mikono. Kilichobaki ni kile kitambaa cheusi cha chini, ambacho Misumari hatakipigilia mpaka Jumapili jioni. Tunamuuliza, na timu ikishindwa? Kanuni yake ya miaka yote ni kuandika ushindi tu.

Anakiinamisha kiti ili tuone. Pembeni ya maandishi ya zamani kuna mstari mpya wa penseli, wa mkono mzito zaidi. Una jina la mdogo wake, kisha lake, kisha maneno *wote ndani*. Mahali pa mabao ameacha wazi.

"Hayo watajaza wachezaji," anasema, na anarudisha misumari mdomoni.