Nilipokikalia Kitabu cha Usharika

Juzi, nikifunga marobota ya nguo hapa sokoni Sanyuanli, mdogo wangu wa mwisho, anayesoma chuo kikuu humu humu Guangzhou, alinionyesha kwenye simu ukurasa wa kitabu cha kanisa cha Uswidi. Amekuwa akimfuatilia baba wa babu yetu, fundi Mswidi aliyekuja kujenga misheni kwetu Bukoba.

"Dada, naye alikuwa yatima kama sisi," alisema. "Ona, yeye na wadogo zake waligawanywa, kila mmoja akapelekwa kulelewa shamba tofauti."

Nikasikia tena harufu ya ndizi zilizochemka kwenye matanga ya mama, aliyemfuata baba kaburini. Mchana ule mzee wa kanisa alileta kitabu kikubwa cha usharika, ili majina yetu sisi watoto yahamishiwe kwenye sharika za baba wadogo na mashangazi waliokuwa wametugawana. Nilidhani jina likibaki kitabuni, mtu habanduki. Alipofungua kalamu, nilikinyakua kitabu nikakikalia.

"Shuka," alisema baba mdogo. "Hicho ni kitabu cha Mungu."

"Mungu hajalalamika."

Wanawake jikoni waliangua kicheko.

"Na hawa wadogo zako wote utawalisha nini, wewe?" aliuliza baba mdogo.

"Ndizi. Shamba ni la baba."

Sasa najua wino hauhamishi mtu. Wangeweza kutubeba tu. Lakini nilikaa mpaka chai yao ikapoa na mzee akafunika kalamu. Shule niliiacha muhula uleule, na wadogo zangu wote wakakulia nyumbani kwa baba yetu.