Matone ya Jumatano Asubuhi

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano, niliona matone mawili ya damu kwenye nguo yangu ya ndani. Hedhi yangu ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia, nayo haikuwa na tabia ya kurudi kuchukua ilichosahau. Nikabeba beseni, nikaenda bombani.

Nilimkuta jirani yangu ameinama, anafua upesi huku akitazama nyuma kama mwizi wa sabuni. Sisi wawili tulikulia ukimbizini Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi Cyangugu baada ya mauaji ya kimbari, tukapanga nyumba zinazotazamana hapa Kamembe. Nilitazama beseni lake, naye akatazama langu.

"Maman, na weye pia?"

"Na miye pia. Tangu leo asubuhi."

"Miye tangu jana mangaribi." Akasimama wima, povu likimtiririka viwikoni. "Basi balitupatia sumu. Ni ile kasiksi ya Jumapili!"

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Jumapili hiyo tulikuwa Nyakabuye kwa wifi yake, binti wa wifi akiposwa na katekista wa kanisa akiiombea posa. Kwetu mwenye pombe huionja kwanza mbele ya wageni, ili kila mmoja aone kwamba ni salama. Wifi, kwa pilikapilika za posa, alitukabidhi kibuyu na mirija, akakimbilia jikoni bila kuonja. Siku ile jirani yangu hakusema neno. Alikuwa ameliweka.

Sasa alilitoa, pamoja na faranga elfu nane alizotunza kwa ajili ya mabati. Mpango wake ulikuwa huu: twende Muganza kwa mganga anayetapisha watu sumu, elfu nne kila mmoja, kisha Jumapili amtaje wifi mbele ya ukoo. Hilo la mwisho ndilo lililonitia baridi. Miaka ile watu walikuwa wameishiwa na imani, na mwanamke aliyeitwa mtoa sumu hakuulizwa mara mbili. Angehama, na posa ya binti ingevunjika.

Tulijifunga vipande vya kitenge, tukashika njia ya kituo cha magari, tukitembea kama bata wawili wanaokwenda kubatizwa. Mimi napenda kuuliza mambo kwa mpangilio, kwa hiyo nikauliza nani mwingine aliyekunywa kwenye kibuyu kile.

"Bwana yangu ndiye alikimaliza."

"Naye anatokwa na damu?"

Akasimama. "Nimuulize kama naye iko anavaa kitambaa?"

"Na katekista je? Si alikunywa kutushinda?"

"Yesu! Katekista naye tumupelekee kitambaa!"

Alicheka mpaka akashika mti. Nami, ambaye sichekagi ovyo, niliona njia nzima inazunguka: wanaume wote wa posa ile wakifua bombani alfajiri, katekista mbele, akiomba sabuni. Kila tulipotaka kuendelea, mmoja wetu alisema "katekista" na kitenge kikalegea tena.

Nilipopata pumzi niliuliza swali la pili. "Ni kitu gani tunakula sisi wawili tu, ambacho hakuna muntu mwingine anakula?"

Sabuni hatuli. Chumvi inaliwa na nyumba nzima. Tukatazamana.

"Kidonge," akasema.

Vidonge vya kupanga uzazi tulivinunua Bukavu, ng'ambo ya daraja, kwa muuza dawa aliyetujua tangu usichana. Vita vilipozuka tena upande ule, njia ilifungwa, tukabaki na pakiti moja kwa watu wawili. Katika miaka ya ukimbizi tulizoea kugawana dawa: kwinini ilikatwa katikati, dawa ya kikohozi ilipimwa kwa kijiko nyumba kwa nyumba, na aliyekunywa dawa yake peke yake aliitwa mchoyo. Basi nasi tuligawana. Leo yeye, kesho mimi. Tena tulijisifu.

Lori la saruji lilitupigia honi, kwa sababu tulikuwa tumekaa katikati ya barabara tukicheka. Tuliinuka, tukageuza njia kuelekea kituo cha afya cha Gihundwe.

Muuguzi alitupima mkojo: hapakuwa na mimba. Aliuliza kama kuna maumivu, kama kuna harufu, kama damu hutoka baada ya kulala na bwana. Hapana. Tulipofika kwenye habari ya kugawana, aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Bamaman, hii si maharagi!"

Kisha akaeleza. Dawa iliyo ndani ya kidonge ndiyo inayoshikilia utando wa tumbo la uzazi. Ikipanda leo na kushuka kesho, utando unabomoka kidogo kidogo, ndiyo yale matone. Hata anayemeza vizuri anaweza kuyaona miezi ya mwanzo. Lakini damu ikiwa nyingi, au ikirudi rudi, au ikija na maumivu, au baada ya tendo, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, asikae bombani kutafuta mchawi, aje apimwe. Alitupatia pakiti mbili, kila mtu na yake, kila siku saa ile ile, na kondomu kwa wiki ya kwanza.

"Mukigawana tena," alisema, "leba hamutagawana. Kila moja atasukuma wake."

Jumapili jirani yangu alikwenda Nyakabuye kweli, nami nikamfuata. Wifi alitoka na kibuyu, safari hii akakumbuka.

"Ngoja nionje kwanza, wifi."

"Leta hapa!" Jirani alimnyang'anya, akavuta mrija mpaka kibuyu kikakoroma. "Sasa onja."

"Nionje nini, na umemaliza yote?"

Wifi hakujua kamwe kwa nini sisi wawili tulianguka chini kwa kicheko, wala kwa nini katekista alipopita tulifunika nyuso. Mahari ya binti yake ilipokewa. Njiani nilipiga hesabu: elfu nane za mganga, toa mia tatu tulizolipa Gihundwe. Tuliokoa wifi mmoja, na faranga elfu saba na mia saba.