Herufi Moja Katika Minyoo ya Kondoo

Machinjioni walimwita Mama Minyoo, naye hakuwa na mtoto hata mmoja. Mwanzoni jina lilimchoma. Baadaye akalizoea, akawa anaitika. Kila Jumanne alivaa buti za mpira, akapasua matumbo ya kondoo na kuokota minyoo myembamba kama uzi, akaitia kwenye chupa ya spiriti ili akaichunguze maabarani. Wachinjaji walimtania kidogo, wakampisha, wakarudi kwenye soga zao.

Huko maabarani alikuwa peke yake tangu mwenzake astaafu. Aliponda mnyoo mmoja mmoja, akatoa vinasaba, akaviweka kwenye mashine ya kuvizidisha, kisha akangoja saa mbili akisikiliza friji ikinguruma. Kuna siku neno lake la kwanza lilitoka saa saba mchana, kumwambia muuza chai, "Bila sukari."

Ndipo akaja mfugaji mmoja, mzee mpole, na minyoo ya kondoo wake waliokufa.

"Mwanangu," alisema, "vijana wangu wanadai kondoo siwanyweshi dawa ya minyoo sawasawa. Eti macho yamekwisha, napima ovyo. Wameninyang'anya zizi."

Mama Minyoo alipima minyoo arobaini. Katika thelathini na sita, herufi moja tu katika msimbo wa vinasaba ilikuwa imebadilika, ile inayofanya dawa ishindwe kumshika mnyoo.

"Hata ungewanywesha debe zima, mzee wangu, minyoo hii isingekufa. Kosa si lako."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini.

"Niandikie," alisema. "Kwa herufi kubwa. Wasome wenyewe."

Akaandika, akapiga mhuri, akataja na dawa ya aina nyingine ya kujaribu. Mzee alipofika mlangoni aligeuka.

"Na wewe nyumbani una nani wa kumsimulia kazi hii?"

"Nina redio," alijibu akicheka. Mzee hakucheka.

Baada ya wiki tatu simu ililia. Zizi limerudishwa, mzee alisema, na kijana mkubwa ameomba radhi mbele ya wote. Nyuma yake sahani ziligongana, mtoto akaita, "Babu, njoo ule!"

"Nakuja!" mzee alijibu, kisha akamwambia, "Ahsante, mwanangu," na simu ikakatika.

Mama Minyoo alitaka kumpigia tena, akairudisha simu mfukoni. Akafunga maabara mapema, akashika njia ndefu ya kurudi nyumbani kwenye redio yake.