Ua la Krismasi la Mama Hilaria

Mama mkwe wangu, Hilaria wa Nambis, ana ua moja tu, na ua hilo lilinitia hasira miaka mitatu. Sisi tunaliita ua la Krismasi. Halina miiba, matawi yake ni bapa, pingili juu ya pingili, na Desemba linatoa maua mekundu kwenye ncha. Mumewe, marehemu mzee Theodory, alileta kijitawi kimoja kutoka misheni, kimeviringishwa kwenye leso mbichi, mwaka niliozaliwa mimi.

Zamani lilikaa dirishani kwenye nyumba ya udongo, upande wanakolala ndama. Jamani, zile Krismasi! Mzee alikuwa hagusi chai kabla hajayahesabu maua yake, na sisi wote tumesimama na njaa tunamsubiri, baridi inakata masikio. Nilikuwa nanung'unika. Leo ningetoa ng'ombe nisubirishwe tena.

Mzee alipofariki, mume wangu Sylvester akamjengea mama nyumba ya bati yenye umeme. Mama akaliweka ua sebuleni, juu ya kitambaa, chini ya taa, na taa ikawa haizimwi usiku kucha. Alisema mgeni wa mzee hawezi kulazwa gizani. Basi ua likagoma. Krismasi ya kwanza majani matupu, ya pili vilevile. Ya tatu mama hakwenda hata kanisani. Akaniambia mzee amemnunia kwa kuihama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nikamjibu kwa ukali kwamba marehemu ana mambo mengine ya kufanya. Najuta, maana tangu siku ile alianza kukonda.

Mwaka jana, Septemba, Tomaso anayetunza bustani ya parokia alituletea miche ya parachichi. Alipoliona ua akacheka. Akasema linataka ubaridi, maji kidogo na giza refu kwa wiki sita hivi, na kwamba taa ndiyo inayolinyima maua. Kesho yake mama akalibeba mwenyewe hadi nyumba ya zamani. Kila siku saa kumi na moja jioni analifunika kwa ndoo, saa mbili asubuhi analifunua. Mwishoni mwa Novemba matumba yakatokeza, akaacha kulifunika, na ole wake atakayelisogeza.

Asubuhi ya Krismasi nilimkuta amepiga magoti mbele ya maua, analia. Nikamwamkia shikamoo, hakunisikia. Nilidhani ni furaha.

"Baba Sylvester, nisamehe," alikuwa akisema. "Miaka mitatu nimekusingizia."