Maandishi Ndani ya Mlango wa Bati

Mtaani walimwita Binti Magofu, na mwenyewe hakuchukia. Siku sita za juma alikaa dukani akikata vioo vya miwani na kukaza skrubu ndogo kama chawa. Ya saba alichukua kamera yake akaenda kupiga picha mahali palipohamwa na watu: kiwanda cha sabuni kilichofungwa, bwawa la kuogelea lililoota majani, mabehewa yaliyosahauliwa relini.

Gofu moja tu hakulisogelea. Lilikuwa jengo la ghorofa tisa ambako baba yake alikuwa fundi wa lifti. Miaka ishirini nyuma lifti hiyo ilianguka, karani mmoja akavunjika nyonga. Meneja akasema fundi hakuwahi kuikagua. Baba akaachishwa kazi, na watu wakamhukumu kwa methali: lisemwalo lipo. Akaingia nalo kaburini. Tangu hapo mama, mwalimu mstaafu ambaye hata leso yake hupigwa pasi, alikwenda sokoni kwa barabara ya nyuma ili asilipite jengo lile.

Kisha ukutani pakabandikwa tangazo: jengo litabomolewa.

"Naenda, mama. Unamjua baba na bisibisi yake."

Walimjua wote wawili. Hakutengeneza kitu bila kukwaruza tarehe na alichokifanya. Ndani ya kisanduku cha fyuzi pale nyumbani mistari yake ipo hadi leo. Karatasi hupotea, alizoea kusema, bati hukaa.

"Na usipokuta kitu?" mama akauliza. "Jina la baba yako limelala, mwanangu. Usiliamshe ukashindwa kulibembeleza."

Hilo ndilo lililomzuia miaka yote. Bati tupu lingekuwa shahidi wa meneja.

Mlinzi wa lango aliitazama kamera, akamtazama na yeye.

"Dada, wenzako wanapiga picha za harusi, wewe za popo?"

"Popo hawaniambii niwapunguze unene, kaka."

Mlinzi akacheka hadi akaegemea lango. "Haya pita. Ila shika ukuta, ngazi hazina reli."

Alipanda ghorofa zote tisa kwa miguu. Chumba cha mashine kilikuwa juu ya paa, kinanuka grisi kuukuu na mavi ya popo. Sanduku la swichi lilishika kutu na mlango wake ukagoma. Akauvuta kwa mikono miwili, ukalia, ukaachia.

Mistari ilikuwepo, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko ule ule ulioinama kama mtu anayepandisha mlima. Wa mwisho aliogopa kuusoma. Akaupiga picha kwanza, kisha akaukuza kwenye kioo cha kamera.

*Kamba kuu imechakaa. Meneja nimemwambia mara ya pili. Nimezima. Isiwashwe.*

Tarehe ilikuwa siku nne kabla ya ajali.

Akaketi palepale kwenye uchafu, na sketi yake nyeupe, akashusha pumzi ambayo hakujua ameibeba tangu usichana.

Jioni mama aliisoma picha kama anayesahihisha mtihani, kidole juu ya kila neno. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Aliniambia," akasema. "Aliniambia alizima. Nilimwamini, lakini ushahidi sikuwa nao, ndiyo maana nikawa nakwepa." Kisha akamkazia macho bintiye. "Na hiyo sketi umeikalisha wapi? Mtoto wa mwalimu!"

Wakacheka mpaka machozi, na ya kicheko na ya kilio hawakuyatenganisha.

Asubuhi mama alivaa gauni lake la kitenge kipya. Picha, iliyosafishwa kwa ukubwa wa gazeti, aliibeba mkononi bila bahasha.

"Sokoni tunapita wapi?" binti akauliza.

"Unauliza? Mbele ya jengo. Na usinikimbize, leo nataka kusalimiana na watu."